Chumvi, Tezi ya Shingo na Mtoto wa Dawati la Nyuma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali katika kata ya Bisibo, wilayani Biharamulo. Imefupishwa kidogo.)



Nilipoalikwa kuja kusema nanyi nilitakiwa nizungumzie makuzi na afya ya watoto wetu. Mada hiyo ni pana mno, nami si mganga. Ni mwandishi wa habari. Kwa hiyo nimechagua upande mmoja tu, ambao mwandishi anaweza kuufuatilia na mwalimu anaweza kuufanyia kazi bila kungojea fungu la fedha kutoka mahali popote. Nitasema juu ya chumvi.

Nianze na kisa. Nilipokuwa darasa la nne, katika shule ambayo sitaitaja, tulikuwa na msichana aliyekaa dawati la nyuma. Alikuwa mfupi kuliko sisi sote ingawa alituzidi umri. Shingoni alikuwa na uvimbe, ule ambao wazee huuita rovu, nasi kwa ujinga wa kitoto tulimpachika jina ambalo hunitia haya hata leo. Imla iliposomwa, sisi tulikuwa tumefika mstari wa tano, yeye yu bado katika mstari wa pili. Mwalimu alimchapa kwa uvivu. Hata mchana wa jua kali alivaa sweta, na hilo nalo likawa kichekesho. Alirudia darasa, akarudia tena, kisha hatukumwona. Ilinichukua miaka mingi, mpaka nilipokuwa Chuo Kikuu, kutambua ya kwamba ufupi ule, ule uzito wa kuandika, ile baridi na ule uvimbe vingeweza kuwa jambo moja, na kwamba fimbo haikuwa na mahali pake hapo.

Mwili una tezi mbalimbali ambazo hutia ndani ya damu vitu viitwavyo homoni. Homoni ni kama tarishi wa ofisini. Yeye mwenyewe halimi wala hajengi, lakini asipofika na barua, kazi haianzi. Tarishi mmoja huhusika na sukari ya damu, mwingine na urefu wa mifupa, wengine na kubalehe. Tezi iliyo mbele ya shingo, yenye umbo kama la kipepeo, hutoa homoni inayoamuru kila sehemu ya mwili ichome chakula kwa kasi gani, itoe joto kiasi gani, mifupa irefuke, na ubongo wa mtoto ujijenge. Homoni hiyo haiwezi kutengenezwa bila iodini, ambayo kwenye pakiti za chumvi huandikwa madini joto. Aliyechagua jina hilo alichagua vema, maana mtoto anayeyakosa husikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho.

Madini hayo yakipungua, tezi nyingine iliyo chini ya ubongo hutuma amri juu ya amri kwa tezi ya shingo: ongeza kazi! Nayo tezi ya shingo, kwa kuwa haina la kufanya, hujipanua. Ni kama kiwanda kinachoongeza mashine wakati malighafi haipo. Uvimbe tunaouona shingoni ndiyo hiyo mashine ya bure.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo ajabu. Mtu mzima na kijana aliyebalehe huhitaji sehemu 150 za milioni moja ya gramu kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji 120. Mama mjamzito au anayenyonyesha huhitaji 250. Mahitaji ya mtu kwa maisha yake yote hayazidi sana kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho huwezi kukimeza siku moja ukamalizana nacho. Ni lazima kije kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Mbona basi watu hukikosa? Iodini nyingi ya dunia imo baharini, nasi huku tuko mbali na bahari. Katika nchi za vilima na mvua nyingi, maji ya karne nyingi yameiosha ardhi, na ndizi au maharage yaliyooteshwa katika udongo usio nayo hayawezi kuwa nayo. Nimewahi kuambiwa na mzee mmoja ya kwamba anayekula samaki hana haja ya kuhangaika. Mzee huyo angekuwa na haki zaidi kama samaki wake angetoka baharini. Samaki na dagaa wa maziwa yetu wana iodini kidogo tu wakilinganishwa na wa bahari. Tena muhogo mchungu usioroweshwa na kukaushwa vema huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kupokea hata ile iodini kidogo iliyopo. Simwambii mtu aache ugali wa muhogo. Namwambia auroweke siku za kutosha, kama bibi zetu walivyofanya.

Lililo zito kuliko yote, ndugu walimu, hutokea kabla mtoto hajafika kwenu. Katika miezi ya kwanza ya mimba mtoto hana bado tezi inayofanya kazi, na ubongo wake hutegemea homoni ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi, au mdumavu wa mwili na akili, na madhara hayo ya ubongo hayarudishwi na dawa yoyote baadaye. Wengi zaidi huzaliwa wakionekana wazima kabisa, ila wamenyang'anywa sehemu fulani ya uwezo wao, nasi tunakuja kuwaita wazito. Yule msichana wa darasa la sita unayemfundisha leo atakuwa mama baada ya miaka michache. Chumvi ya nyumbani kwao sasa ndiyo inayotayarisha darasa lako la kwanza la kesho kutwa.

Ulimwengu umeyajua haya kwa muda mrefu. Mwaka 1917 daktari David Marine na mwenziwe walianza kuwapa iodini wasichana wa shule katika mji wa Akron, Marekani, na uvimbe wa shingo ukapungua sana miongoni mwao. Uswisi, nchi ya milima ambayo rovu lilikuwa kama desturi, ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922.

Hapa kwetu, Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973 ndiyo iliyochukua jukumu. Katika miaka ya 1980 ilionekana ya kwamba kiasi cha robo ya watu walikuwa na uvimbe huo. Vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kuliwa itiwe madini hayo. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta uvimbe umeshuka hadi asilimia 7, na nyumba zaidi ya 80 katika kila 100 zikitumia chumvi yenye iodini. Hii ni kazi kubwa, na haisifiwi inavyostahili, labda kwa sababu chumvi haizinduliwi kwa kukata utepe.

Lakini wastani wa taifa huficha mengi. Lindi na Mtwara, mikoa inayotengeneza chumvi, ilikuwa miongoni mwa iliyobaki nyuma, maana mtu anayeishi kando ya mashamba ya chumvi huichota ilivyo, kabla haijatiwa kitu. Kisiwani Pemba ilidhaniwa ya kwamba wala samaki wa bahari hawawezi kuugua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta karibu theluthi moja ya watoto wa shule waliopimwa huko wana uvimbe, na nyumba zenye chumvi iliyotiwa iodini zilikuwa kama 1 katika 100. Waliolala kwa kujiamini ndio waliokutwa na tatizo.

Na chumvi njema huweza kuharibiwa nyumbani. Gunia likiachwa wazi dukani penye unyevu, chumvi ikihifadhiwa juu ya mafiga, au ikioshwa kabla ya kutumika kwa kuwa ina mchanga, madini hupotea. Ifunikwe, ikae pakavu, itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Yafaa niseme pia lisilo la chumvi. Si kila mtoto mfupi wa Bisibo ana upungufu wa iodini. Wengi wao wana njaa ya muda mrefu, minyoo na maradhi ya kujirudia. Mtoto asiyeshiba, ini lake hupunguza homoni inayoirefusha mifupa. Mwili huahirisha kukua ili uweze kuishi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huyo chumvi peke yake haimtoshi. Anahitaji uji, maharage na choo safi. Naye mtoto anayekonda huku akinywa maji bila kukoma na kukojoa mara kwa mara, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari, asidhaniwe kuwa ana malaria tu.

Sasa nina ombi. Maofisa wa afya wanacho kipimo cha matone: tone moja juu ya chumvi yenye iodini huigeuza rangi ya bluu, isiyo nayo hubaki nyeupe. Nimekwisha zungumza na Bwana Afya, naye amekubali kuja. Jumatatu kila mwanafunzi wa darasa la tano aje na chumvi ya nyumbani kwao, kiasi cha kujaa kiganja, ndani ya karatasi iliyoandikwa jina la duka ilikonunuliwa. Walimu wa hesabu wataandika matokeo ubaoni, duka kwa duka, na Ndugu Mtendaji wa Kata atakuwapo kuyasoma.