Shauri la Wote si Shauri Lako



Huko Australia, kwa sheria ya 2001, atoaye kwa raia shauri la jumla juu ya bima au akiba ya uzeeni hana budi kuwaonya kwamba hakutazama hali ya mtu wala haja zake. Tena sharti afundishwe. Siku hizi husomea hata nyumbani kwa intaneti.

Lakini cheti ni chake, mshahara ni wetu. Sisi wa reli twajua: bendera ya kijani ni ruhusa tu, breki dereva huzipima mwenyewe.

Basi siku ya mshahara, ajapo mtu na karatasi za bima, tusitie sahihi upesi. Tumwulize: Umefundishwa wapi? Wajua tuna watoto wangapi, na deni gani? Asipojibu, karatasi zirudi mkobani mwake.