Jiko Baada ya Karamu

Maneno ya fundi wa majiko, jirani wa mandir, mbele ya wahudumu wa jikoni katika maandalizi ya sherehe za mwaka huu



Mmenialika nizungumze juu ya usafi wa meko kabla ya shughuli kubwa iliyo mbele yetu, nami nashukuru kwa heshima hiyo. Juu ya chakula sina la kuwafundisha. Nimekula hapa miaka mingi na ushahidi ninao. Nitasema juu ya kile kinachobaki chakula kikiisha.

Wazee wa hapa wamenieleza kwamba huko Puri, nchini India, katika hekalu la Jagannath, chakula hupikwa kwa vyungu vya udongo juu ya moto wa kuni, na chungu kilichokwisha kupikiwa hakirudiwi. Sisi hatuna bahati hiyo. Vyombo vyetu ni vya chuma, na kila sikukuu hurudi na mabaki ya sikukuu iliyopita.

Mabaki hayo ni mafuta. Katika jiko la nyumbani mafuta ni doa tu; katika jiko lipikalo kwa mamia ya watu ni kuni zinazongoja kiberiti. Tazameni karai la puri linavyofuka. Ule moshi hubeba matone madogo sana ya mafuta, nayo hutua ukutani, juu ya vichomeo, na zaidi ya yote ndani ya kofia ya moshi na machujio yake. Yakikaa penye joto na hewa, huungana yakawa utando mgumu kama vanishi. Ajabu ni kwamba utando huohuo ndio tunaoutafuta juu ya tawa. Mama anayelipaka tawa la chuma mafuta kidogo, akalipasha mpaka lifuke, analivika vazi la kuzuia kutu, na chapati haishiki. Juu ya tawa utando ni ulinzi. Ndani ya bomba la moshi ni hatari. Lakini mara nyingi nimemkuta kijana mwenye bidii akilisugua tawa mpaka ling'ae kama kioo, huku kofia iliyo juu ya kichwa chake ikidondosha mafuta.

Basi tawa liparuzwe lingali vuguvugu, lifutwe kwa maji moto machache, likaushwe juu ya mwali, kisha lipakwe mafuta membamba. Maji baridi yasimwagwe juu ya chuma kilichoiva kwa moto: chuma cha kusubu hupasuka, na bamba hupinda, nalo likishapinda chapati huungua upande mmoja siku zote. Shira ya jalebi na maziwa yaliyofurika hayahitaji kisu. Wekeni kitambaa kilicholowa maji ya moto, mkanywe chai, mrudi, vitatoka vyenyewe.

Nyuso za chuma kisichoshika kutu zisuguliwe kwa sabuni, kufuata mistari yake. Stilwaya huacha chembe, na chembe hizo ndizo zinazopata kutu, kisha tukamlaumu muuzaji. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe hukitoboa chuma hicho taratibu. Wala isichanganywe kamwe na siki, kwa maana hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua. Kostiki soda hukata mafuta vizuri, lakini hula alumini, na sufuria zenu nyingi ni za alumini.

Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kupaka masizi chini ya sufuria, huenda matundu ya kichomeo yameziba au hewa haiingii sawasawa. Gesi haiungui yote, na jikoni huingia hewa ya ukaa iuayo bila harufu. Zibueni matundu kwa brashi, kikaushwe kichwa chini, kisha kirudishwe. Kile kitundu cha shaba kinachotoa gesi mniachie mimi, maana sindano hukipanua. Mpira wa gesi upakwe povu la sabuni. Mkiona mapovu yanakua, fungeni mtungi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, mahali ambapo pua haifiki.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta. Wapishi wa kujitolea huondoka mapema, wakiwa wamesifiwa, na wanastahili. Jiko huachiwa vijana wawili wa kibarua, usiku wa manane, wenye kostiki na mikono mitupu. Wao huosha kinachoonekana. Kofia haionekani. Bomba lenu la moshi hutokea upande wa nyumba zetu, kina mama, na watoto wetu hulala chini ya paa zile. Mafuta ya kukaangia yakipita joto la nyuzi 350 na kuelekea 400 huwaka yenyewe bila kuguswa na moto, na mwali ukipanda kwenye bomba lenye utando hauulizi ni nyumba ya nani. Likiwaka karai, zimeni gesi na mlifunike; asilimwagie mtu maji, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600 na kuyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini.

Naomba basi kila karai liwe na mwenyewe, na aliyeliwasha ndiye alikabidhi likiwa safi. Machujio yaoshwe kila siku ya sherehe kabla mafuta mapya hayajatiwa motoni, na vijana wale wapewe glavu ndefu na waende kulala mapema kama wengine.

Kesho saa nane mchana nitayafungua machujio yote. Nahitaji watu wanne, ngazi moja na pipa la maji ya moto. Majina yaandikwe kwa mama msimamizi wa ghala, na la kwanza liwe la mpishi.