Printa ya Zamani: Kagua Poti na Kebo Kabla ya Kutupa

Elimu kwa Umma: maandishi ya mazungumzo kwa wenye maduka, vyama vya ushirika, shule na vikundi vya kijamii



Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, maghala, vyama vya ushirika na afisi za shule, kuanzia Mambrui na Malindi hadi Mariakani na Mtwapa, bado zipo printa zinazochapa kwa sindano na utepe wa wino. Zina kelele, lakini zina faida yake. Sindano hugonga karatasi, kwa hivyo risiti na nakala zake za kaboni huchapwa kwa pigo moja. Mteja huondoka na yake, ghala hubaki na yake, na mhasibu hubaki na yake. Printa ya leza au ya kunyunyiza wino haigongi, na kwa kaboni haifai.

Taabu huanza kompyuta inapokufa. Kompyuta mpya haina tundu la kebo ile nene, na mwenye duka huambiwa anunue kila kitu upya. Mara nyingine ushauri huo ni wa kweli. Mara nyingine pesa zinapotea bure, na kibaya zaidi, hesabu za miaka mingi hutupwa pamoja na kompyuta. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Poti yenyewe ni ipi?

Poti ni tundu la kuunganishia kifaa kwenye kompyuta. Poti ya printa ya zamani huitwa poti ya paraleli, yaani sambamba. Iko nyuma ya kompyuta, ni pana, ina matundu 25 kwa safu mbili, na mara nyingi ina rangi ya waridi iliyokoza. Huenda ikaandikwa LPT1. Upande wa printa, kebo hiyo huwa na kichwa kingine chenye miguso 36 na vibanio viwili vya waya.

Msichanganye na jirani zake. Poti yenye pini zilizochomoza, 9 au 25, ni ya mfululizo, si ya printa hii. Ile ya buluu yenye matundu 15 ni ya skrini.

Mtindo huu ulianza na kampuni ya Centronics ya Marekani mwaka 1970. IBM ikaweka tundu la 25 kwenye kompyuta yake ya mwaka 1981, na watengenezaji wengine wakafuata. Mwaka 1994 ukatolewa mwongozo wa pamoja uitwao IEEE 1284. Miaka miwili baadaye, 1996, ikaja USB: kichwa kidogo, kebo nyembamba, na kifaa kinachoweza kuchomekwa kompyuta ikiwa imewashwa. Poti pana ikaanza kuondoka polepole.

Makuli wanane

Kompyuta huandika kila herufi kwa alama nane, kila alama ikiwa 0 au 1. Herufi A ni 01000001. Fikirieni makuli wanane bandarini. Katika poti ya mfululizo, wanapita mmoja mmoja kwenye ubao mwembamba. Katika poti ya paraleli, wote wanane huvuka bega kwa bega, kila mmoja na mzigo wake, na herufi nzima hufika mara moja. Njia zao ni pini ya 2 hadi ya 9.

Pini nyingine ni za mawasiliano. Kwa pini ya 1 kompyuta husema, "Pokea." Kwa pini ya 11 printa husema, "Ngoja, nina kazi." Kwa pini ya 12 husema, "Karatasi imekwisha." Ndiyo maana kebo mbovu yaweza kuifanya kompyuta ing'ang'anie kwamba hakuna karatasi, na karatasi iko pale pale.

Waya mmoja hubadilisha pesa

Jambo hili linastahili kusikilizwa na kila anayetoa risiti. Tuseme panya ametafuna kebo, na waya wa pini ya 2 umegusana na ngao ya chuma iliyo ndani yake. Kuli huyo mmoja sasa hubeba 0 daima, hata alipopewa 1. Printa haitanyamaza. Itachapa, lakini itachapa uongo.

Neno MALINDI litatoka L@LHNDH. KILIFI itakuwa JHLHFH. Herufi mtazigundua haraka. Hatari iko kwenye tarakimu: 1 huwa 0, 3 huwa 2, 5 huwa 4, 7 huwa 6, na 9 huwa 8. Shilingi 1,500 huchapwa 0,400. Kiasi cha 2,700 huchapwa 2,600, na hapo hakuna kinachoonekana cha ajabu. Dalili nyingine ya kosa hili ni printa kutema ukurasa kila baada ya mstari, kwa sababu alama ya kurudi mwanzo wa mstari, ambayo ni 13, imegeuka 12, na 12 ni amri ya kutoa ukurasa.

Kwa hivyo, baada ya kuhamisha au kubadilisha kebo, chapa kwanza tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi Z, kisha linganisha na skrini. Zikikosana, usitoe risiti yoyote.

Kujua mgonjwa ni nani, ichomoe kebo na uifanye printa ijichapie jaribio. Kwa printa nyingi za sindano, kama Epson LX-300, hushikwa kitufe cha kusogeza karatasi huku ikiwashwa. Jaribio likitoka safi, ubovu uko kwenye kebo, poti au kompyuta. Kununua printa mpya huenda kusisaidie.

Pwani yetu ina adui mwingine. Hewa ya chumvi na unyevu huota kutu kwenye miguso, na bara, upande wa Ganze na Bamba, kuna vumbi. Kebo isiyotumika ihifadhiwe ndani ya mfuko mkavu. Miguso isafishwe kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, si maji, wala isisuguliwe kwa msasa.

Kuunganisha bila kuunguza

Poti hii si kama USB. Zima kompyuta na printa, zote mbili, kabla ya kuchomeka au kuchomoa kebo. Kuchomeka vifaa vikiwa na umeme kwaweza kuunguza poti. Kaza skrubu mbili za upande wa kompyuta na funga vibanio vya upande wa printa, kwani kebo nzito hujivuta yenyewe. Kebo za kawaida za zamani hazifai kuwa ndefu. Mita 2 hadi 3 zinatosha.

Kompyuta mpya, printa ya zamani

Kabla ya kununua chochote, mwulize fundi swali moja: programu yetu inachapaje?

Ikiwa ni programu ya Windows inayochapa kupitia orodha ya printa, kebo ya kubadilisha USB kuwa paraleli kwa kawaida hutosha.

Ikiwa ni programu ya enzi za DOS inayopeleka maandishi moja kwa moja LPT1, kebo hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu haileti LPT1. Fundi anaweza kuishiriki printa kwenye mtandao wa kompyuta, kisha akaelekeza LPT1 huko kwa amri ya NET USE. Ikishindikana, kadi ya paraleli huwekwa ndani ya kompyuta ya mezani.

Ikiwa programu hufunguliwa kwa kifaa cha ufunguo kinachochomekwa kwenye poti hiyo, kebo ya USB haitafaa. Ufunguo huo usitupwe: ukipotea, programu haifunguki.

Kumbukumbu kwanza

Michango ya wanachama, mikopo ya wakulima na karo za wanafunzi vina thamani kuliko printa. Pengine vimo ndani ya kompyuta iliyonunuliwa kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, na njia pekee iliyozoeleka ya kuvitoa ni ile kebo pana. Msingoje ife. Chapa orodha muhimu sasa. Kisha mwambie fundi anakili diski yake, na pale programu inaporuhusu, achape kwenye faili badala ya karatasi. Wekeni nakala mbili, moja katika jengo jingine.

Siku ya kuiaga kompyuta, futeni diski kwanza. Majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kebo zisichomwe moto ili kupata shaba, kwani moshi wa plastiki yake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani. Vifaa vibovu vikusanywe pamoja na kupelekwa kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama kituo cha WEEE kilichoko Nairobi.

Kwa ufupi: tambua poti, zima umeme, chapa tarakimu zote na ulinganishe, uliza programu inachapaje, na toa nakala za kumbukumbu kabla ya yote hayo.