GURUDUMU LA TELA LETU

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika)



Sote tunakumbuka ule mteremko wa mtoni. Gurudumu la tela lilichomoka, tela likalala, magunia yakaingia majini, na mwenzetu aliyekaa juu ya mzigo mpaka leo anatembelea mkongojo. Wengine wakasema eti ni mkono wa mtu. Jamani, mkono upo, lakini ni wetu sisi kamati.

Tela letu limeundwa kwa ekseli ya Land Rover ya zamani, na habu yake ina stadi 5. Rimu ilipopasuka tulinunua ya Land Cruiser, bei ilikuwa nafuu. Tukahesabu matundu: 5. Basi tukaona mambo yamekwisha. Haikuingia. Badala ya kuirudisha, tukapeleka matundu yakapanuliwe kwa gesi!

Kumbe kuhesabu hakutoshi, lazima kupima. Stadi zimepangwa kwa duara, na duara hizo hazilingani. Zikiwa 6 ni rahisi: pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya ile inayoielekea. Zikiwa 5 hakuna inayoelekeana na mwenzake. Hapo pima katikati ya stadi moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Darasa letu la watu wazima tumeifanya hesabu hii ubaoni. Habu yetu: milimita 97, jibu 165. Rimu ya Land Cruiser kama ile: 88, jibu 150. Havikuwa vya kuoana hata kidogo.

Tundu likishapanuliwa, nati ya koni haina tena pa kukalia. Ukaze hata kwa bomba refu, italegea tu, na stadi zitakatika.

Nati nazo zina uzi wake. Stadi za Nissan Patrol ya zamani na za Land Cruiser ya zamani ya stadi 6 zote ni nene milimita 12, lakini uzi wa moja ni 1.25, wa nyingine 1.5. Nati inaanza vizuri, halafu inagoma. Basi tuanze kwa vidole, si kwa spana. Tukaze kwa kurukaruka, si kwa kufuatana, na baada ya safari ya kwanza tukaze tena.

Kamati imekubali kwamba matibabu ya mwenzetu ni deni la ushirika, yalipwe kabla ya kununua rimu. Na kupanda juu ya mzigo ni marufuku, hata rimu ikiwa mpya.

Ile mbovu tumeitundika mwembeni iwe kengele ya darasa. Ikigongwa Jumamosi saa 10 jioni, tukutane kwenye tela. Mwenye rula aje nayo.