Aliyetwaa Mwili Naye Aliimba



Baba Paroko, wazazi wetu wa jumuiya, wanakwaya wenzetu wa jana na wa leo: tumepewa dakika chache kabla ya chakula, na harufu ya pilau imekwisha kutufikia. Tutasema jambo moja tu.

Kila Dominika, katika Nasadiki, tunainama kwa maneno ya Umwilisho. Siku mbili kwa mwaka, Noeli na Kupashwa Habari Bwana tarehe 25 Machi, tunapiga magoti. Tukiri, sisi wa kwaya huinama nusunusu, jicho kwa mwalimu, kidole kikitafuta wimbo wa matoleo.

Tunainamia nini? Mwana wa Mungu hakuuvaa mwili kama sisi tuvaavyo joho, Misa ikiisha likakunjwa na kurudishwa kabatini. Tangu mwanzo walikuwako waliosema kwamba mwili wake ulikuwa wa kuonekana tu. Mtakatifu Ignasi wa Antiokia, akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia Wakristo wa Smirna kuwapinga: kama Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, basi yeye naye alifungwa minyororo kwa kuonekana tu. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedoni ukaungama kuwa yeye ni Mungu kweli na mtu kweli, nafsi moja.

Mtu kweli ana koo. Alilia machozi kwa ajili ya Lazaro, akaona kiu msalabani. Tena Mathayo na Marko wanasimulia jambo ambalo kila kwaya ingelipigia mstari: usiku wa Karamu ya Mwisho yeye na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Huenda zilikuwa Zaburi za Haleli, ya 113 hadi ya 118, ambazo Wayahudi huziimba wakati wa Pasaka. Na aliimba na nani? Na Petro, ambaye kabla ya jogoo kuwika angemkana. Na wengine ambao wangekimbia usiku uleule. Aliyajua hayo, akaimba nao.

Sisi hatukufanya hivyo. Katika mwaka wetu wa nane, ndugu yetu mmoja wa sauti ya nne alishikwa na pombe. Kamati ilikaa, tukamwandikia barua arudishe sare. Aliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyekwenda kumjulia hali mpaka tulipoitwa kuimba kwenye mazishi yake. Sare ile bado ipo kabatini. Hatujathubutu kumpa mtu mwingine.

Leo wako wenzetu watatu ambao hawajaonekana mazoezini tangu Kwaresima. Jumanne ijayo hatutafanya mazoezi. Tukutane mlangoni pa kanisa saa kumi jioni, tuanze na yule wa ng'ambo ya mto, maana ndiye wa mbali zaidi. Vitabu vya nyimbo tubebe. Huenda akatuomba tuimbe.