Zamu ya Muuguzi na Lindo la Askari



Kilima cha Kibuli, hapa Kampala, kina kazi mbili zinazofanana kuliko inavyodhaniwa. Pana makao makuu ya polisi wa upelelezi, na pana hospitali ya Waislamu pamoja na chuo cha wauguzi na wakunga. Askari aijua adha ya lindo lisilobadilishwa: macho huona lisilokuwepo, na lililopo hupita. Muuguzi anayeachiwa wodi nzima peke yake usiku kucha yumo katika hatari hiyo hiyo. Akikosea, anayeumia ni mgonjwa.

Husemwa kwamba wauguzi huacha kazi kwa sababu ya mshahara. Ni kweli, na mgomo wao wa Mei 2022 ulilitamka jambo hilo waziwazi. Lakini mshahara si jibu lote. Tutazame Gulu, mwaka 2000. Ebola iliwapata watu 425, ikawaua 224. Katika Hospitali ya Lacor wauguzi walikufa mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mwa Novemba wenzao walikusanyika wakitaka kuondoka. Mganga mkuu, Dakta Matthew Lukwiya, aliwasikiliza kwa muda mrefu, akawaambia kwamba atakaye kwenda na aende, ila yeye atabaki. Kazi ya wodini ikaendelea. Tarehe 5 Desemba ugonjwa huo ukamwua yeye mwenyewe.

Amri pekee isingaliwabakisha watu wale. Waliona kuwa mkubwa wao yumo zamuni pamoja nao.

Hata hivyo, taifa haliwezi kutegemea ushujaa wa namna hiyo kila siku. Linalotakiwa ni la kawaida: zamu zigawanywe kwa haki, aliyelemewa asaidiwe kabla hajaanguka, kosa lielezwe bila matusi, msimamizi ajue nani hakulala. Wala umoja huo usifanywe kisingizio cha kuwapunja watu na malipo. Jifya moja haliinjiki chungu, lakini mafiga matatu nayo yahitaji kuni.

Nanyi askari mnayo sehemu yenu. Mnapomfikisha mwenzenu aliyejeruhiwa, shikeni machela, toeni habari kamili, msimkemee muuguzi. Usiku ule, yeye ni mmoja wa kikosi chenu.