Nyanya zilizojikunja: dawa, mbegu na deni

(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba kwenye mkutano mkuu. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, pamoja na wafadhili wetu.)



Tunaanza na kuomba radhi. Msimu uliopita, wakati majani ya nyanya yalianza kujikunja kule bondeni, sisi wa shirika tulikuja tukawaambia: pulizeni dawa. Mulipuliza. Wengine waliuza kuku, wengine walichukua feza ya likelemba kununua chupa ya pili. Nyanya hazikupona. Kosa si la mama aliyepuliza. Kosa ni letu.

Sasa tueleze ni kitu gani kilitokea, juu maneno mengi yanatembea. Wamoja wanasema udongo ulichoka wakati tulikuwa kambini Tanzania. Wengine wanasema jirani ametupa kitu shambani. Hapana. Dalili mulizotuonyesha ni za ugonjwa wa virusi: jani linajikunja kuelekea juu, pembeni linakuwa manjano, mche unadumaa, maua yanaanguka. Mche ukishikwa ukiwa bado mdogo, karibu hauzai kitu.

Virusi hivi vinabebwa na kadudu keupe, kadogo sana, kanakaa chini ya jani. Ukitikisa mche kanaruka kama unga. Kananyonya mche mgonjwa, kisha kanaenda kunyonya mche mzima, na ugonjwa unaingia. Dawa inaweza kuua kadudu, lakini haiwezi kutoa virusi ndani ya mche ulioshikwa. Na wakati unaua wa kwako, wengine wanatoka kwenye shamba la jirani. Njo maana chupa ya pili haikusaidia kuliko ya kwanza.

Wazee wataelewa upesi tukitaja muhogo. Ule ugonjwa wa kukunja majani ya muhogo, unaotuharibia hata sombe, unabebwa na kadudu ka aina hiyo hiyo. Je, muhogo ulisaidiwa namna gani? Si kwa dawa, ni kwa mbegu. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule Tanganyika, watafiti Storey na Nichols walichanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará. Mti ule hauna mizizi ya kula, lakini ulikuwa na nguvu ya kuvumilia ugonjwa. Watoto wake walirudishwa kuchanganywa na muhogo wa kula, mara na mara tena, mpaka mizizi ikawa mizuri na nguvu ikabaki. Baadaye kazi ile iliendelea Nigeria, na kutoka huko mbegu nyingi za muhogo unaovumilia zilitawanyika Afrika.

Kwa nyanya njia ni ile ile. Nyanya tunazokula zote ni ndugu wa karibu sana, kwa hiyo ugonjwa ukipata njia kwa moja, umepata kwa nyingi. Lakini kule Amerika ya Kusini, Peru na Chile, kuna nyanya za porini. Moja inaitwa Solanum chilense. Tunda lake ni dogo, la kijani, hakuna mtu atalipeleka soko ya Baraka. Ila ndani yake kuna jeni ambayo watafiti waliieleza mwaka 1994 na kuiita Ty-1. Jeni nyingine, Ty-2, ilitoka kwa nyanya nyingine ya porini. Wanachanganya, wanapanda watoto katikati ya ugonjwa, wanachagua waliosimama, wanawarudisha kwa nyanya nzuri, wanaanza tena. Ni kazi ya miaka.

Musielewe vibaya: mbegu kama hiyo haifungi mlango. Virusi vinaweza kuingia, lakini haviongezeki sana, na mche unaendelea kuzaa. Tena kuvumilia ugonjwa mmoja si kuvumilia yote. Muuzaji akisema «hii inapinga magonjwa», mumuulize: ugonjwa gani? Kama paketi haisemi, musilipe bei ya juu.

Mama mmoja alituuliza swali zuri: nikinunua hiyo mbegu mara moja, siwezi kukamua yangu? Inategemea. Kama ni hibridi, ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na mara nyingi mzazi mmoja tu njo alikuwa na jeni. Ukikamua mbegu yake, karibu mche mmoja kwa kila minne unakosa nguvu ile kabisa, na matunda hayafanani tena. Lakini kuna aina zilizotulia, zisizo hibridi, zenye jeni hizo. Nyanya kwa kawaida inajichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu ya aina iliyotulia unaweza kuitunza miaka. Hiyo njo tunaitafuta kwa ajili yenu.

Tunachopendekeza kwa msimu ujao ni hiki. Kwanza, tusitoe sanduku lote kununua mbegu mpya. Tupande mistari ya kujaribu: aina mpya mbili au tatu, na mbegu yetu ya zamani katikati yao, katika mashamba ya wanamemba watakaokubali. Macho yetu wote yataona. Pili, kitalu kifunikwe na neti ya matundu madogo sana. Chandarua cha mbu hakitoshi, kadudu kanapita. Tatu, mche wa kwanza kujikunja ung'olewe siku ile ile, na tusipande nyanya changa karibu na zilizozeeka. Nne, ukiona mche wako uliosimama katikati ya wagonjwa, ufunge kamba, utunze mbegu zake peke yake. Labda kadudu hakakuufikia tu. Tutaupanda tena kati ya wagonjwa, tujue kama ni nguvu ao ni bahati.

Linabaki neno la deni, na tunajua njo lililowaleta wengi leo. Kuna wanamemba walioshindwa kulipa mkopo wa nyanya, na kanuni inasema atakayeshindwa anatoka. Tunaomba kamati isiitumie kanuni hiyo kwa msimu huu. Watu hawa hawakula feza ya mutualite. Walipanda, walimwagilia, walipuliza dawa kwa shauri letu. Wengi walirudi toka kambini na mabati ya msaada na jembe moja. Tukiwatoa leo, watakuwa wakimbizi mara ya pili, tena katikati ya ndugu zao. Wapewe misimu miwili ya kulipa.

Kwenu wafadhili: feza iliyoandikwa kwa dawa ya msimu ujao, tunaomba mutukubalie tuigeuze iwe ya mbegu za kujaribu na neti. Ni kiasi kile kile. Msimu ukiisha tutawaandikia mstari kwa mstari, uliozaa na uliokufa, hata kama wa kwetu njo utakaokufa.

Sasa munaweza kutuuliza, na kutugombeza pia.